Mwaka Bwana Afya Alipofuta Mbio

Tulipaka mawe chokaa kutwa nzima mpaka vidole vikaanza kuwasha. Sisi wanafunzi wa uashi ndio tuliopewa kazi hiyo, kwa sababu chokaa ilikuwa yetu na ndoo zilikuwa zetu, na kwa sababu wale wa useremala walisema wao wana kazi safi. Tuliokota mawe kando ya mto mkavu, tukayasukuma kwa mkokoteni, tukayapanga moja moja kuanzia uwanja wa chuo hapo Kiwanjani, kuzunguka nyuma ya Bulla Pesa, kufuata mchanga wa mto, kupita kichinjio, kisha kurudi na barabara ya Meru mpaka uwanjani tena. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya mbio ndefu. Aliyechaguliwa kukimbia upande wetu alikuwa mimi.

Sijawahi kupaka jiwe kwa furaha namna ile. Nikiweka moja chini nilikuwa narudi nyuma hatua chache, naliangalia, halafu napita kando yake mbio kidogo kujaribu kona. Wenzangu walinicheka. "Wacha kumaliza mguu, bado kesho!" Sikuwajibu. Mimi huwa sijibu watu haraka. Neno likinijia, aliyesema ameshaondoka.

Miaka hiyo ya shifta, wale waasi wenye bunduki, hakuna aliyekimbia ovyo Isiolo. Mtu akikimbia, askari walitaka kujua anakimbia nini. Kwa hivyo mwalimu wetu wa michezo, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, alienda kituo cha polisi mara nyingi kuomba ruhusa, na mwishowe mkubwa wa polisi alikubali kwa sharti moja. Njia iwekewe alama ya kuonekana kwa mbali, ili askari waliokuwa wakilinda kando ya mji wajue nani mkimbiaji na nani siye. "Kijana wako akivuka alama," alimwambia, "mimi simjui." Mwalimu alirudi anaruka kama mtu aliyepewa kombe. "Mawe!" akatuambia. "Mawe meupe! Hata kipofu ayaone!"

Lazima nieleze kwa nini mbio hizo zilikuwa zinanichoma moyo. Mwaka uliotangulia sisi ndio tuliopanda milimani, kwa chuo cha ualimu kilichokuwa kinashindana na sisi kila mwaka. Huko kulikuwa na baridi, nyasi zilikuwa na umande, na mimi nimezoea mchanga. Niliongoza karibu njia yote. Tulipokaribia lango la chuo chao, niliteleza kidogo tu, na kijana mmoja wa hapo akanipita kwa kifua. Si kushindwa kulikoniuma sana. Baada ya mbio, watu wakiwa wamekusanyika, yule kijana alisema kwa sauti, "Poleni jamani, ngamia wao amekwama kwa matope." Watu wote walicheka, hata wetu. Mimi nilisimama hapo natafuta jibu na sikulipata. Nilikuja kulipata kwa lori, tukiwa tumeshateremka nusu ya mlima.

Sasa wao ndio walikuwa wanakuja kwetu, kwa jua letu na mchanga wetu. Na huo ulikuwa muhula wangu wa mwisho chuoni. Baada ya hapo ningeenda kujenga nyumba za watu, na hakuna fundi anayeitwa na mtu kukimbia. Kama singemshinda kesho, basi.

Wageni walifika alasiri, lori lao likiwa katikati ya msafara wa polisi, kwa sababu barabara haikuwa inapitika bila kusindikizwa. Tulilisikia kabla ya kuliona, maana walikuwa wanaimba. Walishuka wakiwa wamejaa vumbi hadi kope, na mikungu ya ndizi mbivu mikononi kama zawadi. Yule kijana aliruka chini wa kwanza. Alikuwa mrefu, na pengo kwa meno ya mbele, na ulimi wake haukuwa na siku ya mapumziko.

"Ngamia!" aliniita. "Bado uko? Nilisikia shifta wamekuchukua uwabebee maji."

"Nyinyi mmekuja na lori kwa sababu mkitembea kwa hii jua mtayeyuka kama samli," mmoja wetu akamjibu kwa niaba yangu.

"Kesho mtaona nani anayeyuka." Akainua mguu, akanionyesha wayo. "Angalia hapa vizuri, ndugu yangu. Kesho hutaona kitu kingine."

Wetu walizomea, wao wakashangilia, mpishi akatoka jikoni na mwiko kuona kuna vita gani. Mimi nilitabasamu mdomo ukiwa umefungwa.

Siku iliyofuata tuliamka mapema kumwagia uwanja maji. Kila mkimbiaji alishonewa kitambaa cha namba kifuani. Mwalimu alikuwa amevaa suruali iliyopigwa pasi, filimbi shingoni, saa yake ya mbio mkononi, na alikuwa anaiwasha na kuizima, anaiwasha na kuizima. Wageni walikuwa wananyoosha miguu upande mmoja wa uwanja, sisi upande mwingine, tunachunguliana. Ndipo tukamwona bwana afya akija anasukuma baiskeli. Gurudumu la mbele lilikuwa limekwisha pumzi kwa sababu ya miiba. Alikuwa jamaa mwembamba, mwenye kofia, na kila mtu mjini alimjua kwa sababu aliingia vyoo vya watu bila kupiga hodi.

Alizungumza na mwalimu kando. Tuliona mwalimu akitikisa kichwa. Tukaona akitikisa tena, polepole. Halafu akaiweka ile saa mfukoni, na moyo wangu ukajua kabla ya masikio.

"Vijana," mwalimu alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na kimo kama chake. "Mashindano yamefutwa."

Kelele iliyotoka hapo! Bwana afya alingoja iishe. Alisema ndui imeingia. Msafiri mmoja kutoka kaskazini alikutwa na vipele uso mzima, na alikuwa ametengwa kwa hema mbali na mji. Bwana DC, mkuu wa wilaya, alikuwa amepiga marufuku kila mkusanyiko: soko, mpira, sinema, hata harusi. Barabara ya Meru ilikuwa imefungwa kwa kizuizi. Wageni wangebaki hapo chuoni mpaka waruhusiwe.

Yule kijana wa milimani alisogea mbele. "Bwana, sisi tumekula vumbi kutoka kwetu mpaka hapa. Tukimbie hata sisi wawili tu, mimi na ngamia. Wawili ni mkusanyiko?"

"Ndui haiulizi umekula nini," bwana afya alisema. "Jipange uchanjwe."

Basi tulijipanga mstari, tukiwa na kaptura za mbio na namba zetu kifuani, kama tunaotaka kushindana kuchomwa. Msaidizi wake alikuwa amekuja na sanduku la dawa, na hema ilisimamishwa pale pale kando ya uwanja, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa wazi pa kutosha mji mzima. Kila mmoja alidondoshewa tone begani na kudungwadungwa na sindano. Jitu la wageni lililokuwa litupe tufe liliona sindano, likakaa chini lenyewe taratibu, kama ngamia anayepakiwa mzigo. Sisi wa Isiolo tulicheka mpaka machozi. Lakini mimi kila nikicheka nilikuwa naangalia yale mawe meupe yakienda mbali kwa mstari, yakimetameta na jua.

Tukamaliza kuchanjwa. Bwana afya alikaa mbele ya hema, akanawa mikono, akangoja mji. Usiku, sisi chuoni tukiwa tumelala, askari wa chifu walikuwa wamepita kila bulla, yaani kila mtaa, wakitangaza: kuna ndui, kuna karantini, kila mtu aje achanjwe kwenye uwanja wa chuo. Alitegemea watu waje wakisukumana. Hakuja hata mmoja.

"Watu wa hapa hawasikii?" aliuliza.

Aliyepanda kwenye tangi la maji kuangalia alikuwa mwanafunzi mmoja wa useremala. "Bwana," alisema kutoka juu, "watu wako. Wengi sana. Wamekaa."

"Wamekaa wapi?"

"Kila mahali."

Tulipanda juu ya mabenchi tukaona wenyewe. Nyuma ya Bulla Pesa akina mama walikuwa wamekaa chini na watoto mgongoni. Karibu na mto kulikuwa na wazee na mbuzi. Kuelekea barabara ya Meru kulikuwa na watu wa biashara na vikapu vyao. Walikuwa wamekaa vikundi vikundi, wametulia, wote wakiwa wametuelekea, na hakuna kikundi hata kimoja kilichokuwa upande wetu wa mawe.

Askari mmoja aliyekuwa zamu alikuja akitembea, akafika karibu na uwanja, akasimama ghafla. Bunduki begani, buti zimepangwa nyuma ya jiwe.

"Sogea!" bwana afya akamwita.

"Siwezi, bwana. Hatujaruhusiwa kuvuka karantini."

"Karantini gani?"

"Hii hapa. Jana ilikuwa ya mbio, leo mbio zimefutwa." Akaonyesha jiwe kwa kidevu.

Sisi wa uashi tuliangaliana.

Mtu ambaye hajaishi Isiolo hawezi kuelewa. Kwetu ng'ombe wanaoenda kuuzwa huzuiliwa kwanza kwenye karantini mpaka ijulikane hawana ugonjwa, na mpaka wa karantini ni mawe yaliyopakwa chokaa. Mnyama akivuka lile jiwe umempoteza, na kesi juu. Tangu mtoto anapoanza kuchunga, jambo la kwanza anafundishwa ni hilo. Kwa hivyo jiwe likipakwa chokaa, kwetu halibaki jiwe. Linakuwa serikali. Watu walisikia usiku kuna karantini, wakaamka asubuhi yale mawe ya jana yamekuwa serikali kati yao na uwanja, wakafanya kama watu wenye adabu: wakakaa nje yake wakingoja waambiwe.

Bwana afya alivua kofia akajipepea. "Nani alipaka hii mawe?"

Tulinyoosha mikono. Ilikuwa bado ina chokaa kwenye kucha.

Alitaka kukasirika, lakini ilimshinda, akacheka. Halafu akaacha kucheka, kwa sababu dawa ile ilikuwa haikai sana kwenye joto, na jua lilikuwa linapanda. Gari la tangazo lenye kipaza sauti lilikuwa limeenda na DC upande wa Kulamawe. Baiskeli yake ilikuwa imelala. Askari hawakuwa na ruhusa ya kuacha zamu. "Natafuta mtu wa kwenda kwa kila kikundi awaambie waje," alisema. "Na aende haraka."

Mwalimu wa michezo alikuwa ameketi kwenye benchi kama mtu aliyefiwa. Niliona kichwa chake kikiinuka.

"Haraka kiasi gani?" akauliza.

"Haraka kabisa."

"Ninao wawili," mwalimu akasema, na sauti yake ikarudi yote. "Mmoja aende kulia, mmoja kushoto."

Bwana afya alimwangalia. "Mwalimu. Hii si mashindano."

"Si mashindano kabisa, bwana," mwalimu alisema, na mkono wake ukaingia mfukoni kwenye saa.

Tuliambiwa tusimkaribie mtu zaidi ya urefu wa fimbo ya kuchungia, tusishikane mikono na mtu, tuongee na kila kikundi, tuhakikishe wameinuka. Mimi ningeenda kwa Bulla Pesa na mto. Yule kijana wa milimani angeenda kwa barabara ya Meru. Tulipogeuziana mgongo pale kwenye mstari, aliongea bila kugeuka.

"Kichinjio ndiyo nusu ya njia. Sivyo?"

"Ndiyo."

"Basi sikiliza. Kila mtu akifika kichinjio anapita, anaendelea mpaka tukutane. Ukinikuta upande wangu umeshinda. Nikikukuta upande wako, ngamia atabaki ngamia."

Mwalimu alikohoa. Kikohozi hicho ndicho kilikuwa bastola yetu.

Nilitoka kama nimefunguliwa kamba! Mchanga ulikuwa na joto zuri, mawe yalinipita mbio kando, na kwa muda mfupi zilikuwa zile mbio zangu nilizoota mwaka mzima. Halafu nikafika kwa akina mama wa nyuma ya Bulla Pesa, nikakumbuka nimetumwa kuongea.

Walikuwa Waturkana wenzangu wengi wao, majirani. Walinikodolea macho. Nilihema, nikafungua mdomo, hakuna kitu kilichotoka.

"Huyu si yule kijana wa jirani asiyeongea?" mama mmoja muuza makaa alisema.

"Ejoka," nikasalimia.

"Ejok. Kumbe mdomo upo!"

Wakacheka. Nikasema kwa Kiturkana, haraka, kabla sijaogopa, kwamba haya mawe si ya karantini, ni yetu ya mbio, na kwamba daktari anawangoja, na mimi nimeshachanjwa, bega hili hapa. Nikawaonyesha.

Yule mama aliangalia bega, akawageukia wenzake. "Wanawake, huyu mtoto ameongea maneno mengi hivyo kwa siku moja. Basi huo ugonjwa uko kweli." Akainuka, akajifunga mtoto vizuri. Lakini alipofika kwenye mstari alisimama. "Toa jiwe."

"Si unaruka tu, mama?"

"Wewe ulilileta, wewe ulitoe. Mimi sirukii kitu cha serikali."

Nikainama nikabingirisha jiwe, na la pili, mpaka kukawa na lango. Wakapita, mmoja baada ya mwingine, kwa heshima kama watu wanaoingia ofisini. Nilipoteza muda gani hapo sijui. Niliruka tena kwenye njia nikiwa na chokaa kwenye magoti.

Kule mtoni walikuwa wazee wa Kiborana na mbuzi zao. Nilitaka kupiga kelele nikiwa bado nakimbia. Lakini nani atampigia mzee wa Kiborana kelele? Nikasimama, mbali kwa urefu wa fimbo.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam," akajibu aliyekuwa mbele, ndevu zimetiwa hina. Akauliza amani: "Nagaa?"

"Nagaa."

"Watu wazima wako nagaa?"

"Nagaa."

"Mifugo?"

Macho yangu yalikuwa yanatafuta vumbi upande wa kichinjio. "Nagaa, mzee."

"Mvua mmepata?"

"Bado, mzee."

"Itakuja, Mungu akipenda. Mama yako?"

"Nagaa."

"Sasa sema."

Nikasema, na Kiborana changu kidogo nikichanganya na Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama sindano inauma. Nikasema inauma kidogo. Akauliza kama mbuzi nao watachanjwa. Nikasema mbuzi hapana. Akafikiri. "Basi mbuzi wabaki na kijana, sisi tuende," akawaambia wenzake, kisha akanionyesha mawe kwa fimbo yake. Sikungoja aseme. Nilikuwa nimeshainama.

Hivyo ndivyo nilivyoikimbia njia yangu. Kila kikundi nilisimama, nikasalimia, nikasema, nikatoa mawe. Ile njia tuliyoipanga kutwa nzima niliibomoa kwa mikono yangu kipande kwa kipande, na ajabu ni kwamba kadiri nilivyobomoa ndivyo maneno yalivyokuwa yananitoka. Kwa kikundi cha tatu nilikuwa sisiti. Kwa kilichofuata nilikuwa nikiongea nikiwa bado mbali. "Inukeni, inukeni, hii ni mawe ya michezo!" Na nikigeuka nyuma niliona mistari ya watu wakielekea kwenye hema, shuka nyekundu, leso za rangi, watoto wakirukaruka, na kifua changu kilitaka kupasuka kwa furaha na kwa uchovu.

Lakini kila nikitazama mbele moyo ulianguka. Yeye alikuwa na barabara nzuri, na ulimi mwepesi. Lazima alikuwa ameshapita.

Nilifika kichinjio nikiwa sioni sawasawa kwa jasho. Askari aliyewekwa juu ya paa aliinama.

"Mwenzangu amepita?" nikamwuliza.

"Nani?"

"Mrefu, ana namba kama hii!"

"Hapa hajapita mtu. Isipokuwa kunguru."

Sikuamini. Nikamwuliza tena. Akasema, "Kijana, mimi niko hapa tangu alfajiri. Endelea na mbio zako."

Nikapita kichinjio! Nilikuwa upande wake sasa, kila hatua ilikuwa ushindi, na nilitamani ardhi yote ione. Nilikuta kikundi kimekaa, nikakiinua. Nikakuta kingine, nikakiinua. Hakuna aliyekuwa amewafikia. Nikaanza kuogopa kwamba ameumia, au askari wamemkamata kwa kuvuka alama.

Ndipo nikamwona. Alikuwa amesimama juu ya jiwe letu moja kando ya barabara ya Meru, na mbele yake walikuwa wafanyabiashara kutoka kwao, akina mama wa viazi na ndizi, wanaume wa miraa, wamemzunguka nusu duara. Hawakuwa wanamgusa. Hawakuhitaji kumgusa.

"Na huko kwa kina sisi, mahindi yamefika magotini?" mama mmoja alikuwa anauliza.

"Yamefika, mama. Mama, tafadhali—"

"Ndugu yangu mwenye kinu cha kusaga, karibu na kanisa. Mke wake amejifungua?"

"Mama, simjui huyo."

"Utakosaje kumjua na umetoka huko jana? Mnene, anachechemea!"

Tangu mabasi yaanze kungojea msafara walikuwa hawajapata habari za nyumbani, na sasa kijana wao alikuwa ameangukia mikononi mwao kutoka mlimani, bado na vumbi la kwao masikioni. Kila mama alikuwa na swali lake, na kila mama alimwita mwanangu. Utampaje mgongo mama anayekuita mwanangu? Yeye mwenye ulimi wote ule alikuwa amefungwa kama ndama.

Aliponiona, pengo lake lilionekana lote, lakini hakuwa anacheka.

"Uko upande wangu," akasema.

"Niko sana," nikasema. Na neno lilikuja papo hapo! Halikungoja lori.

"Hii haihesabiwi. Nilizuiliwa na akina mama."

"Mimi nilizuiliwa na wazee. Hata mbuzi waliniuliza maswali."

Wale akina mama walicheka, na yeye akacheka. Nikawaeleza habari ya hema, kwa sauti ambayo sikuijua kama ni yangu. Wakauliza kwa nini mwana wao hakuwaambia. "Nilijaribu!" alilia. Tulitoa mawe pamoja, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine, na walipoanza kupita na vikapu vyao alijipangusa mikono kwenye kaptura.

"Kutoka hapa mpaka uwanjani," akasema. "Bila mama, bila mzee."

Nilishatoka.

Jamani, zile mbio! Tulikuwa bega kwa bega, urefu wa fimbo katikati, kama tulivyoagizwa. Barabara ilikuwa imejaa watu waliokuwa wanaenda kuchanjwa, na hatukuweza kupita bila kuwagonga. Yeye alipita kwa hatua fupi na kukwepa. Mimi nilifungua koo. "Njia! Njia jamani!" Nikapaza kwa Kiturkana, nikapaza kwa Kiborana, na watu wakageuka, wakatupisha pande mbili, wakaanza kupiga vigelegele bila kujua wanashangilia nini. Kupiga kelele kulinila pumzi. Alinipita. Niliona nyayo zake, kweli niliziona, nyeupe kwa chokaa. Nikasema moyoni, hapa si kwenye nyasi. Hapa ni kwangu. Tulipoingia mchanga wa kando ya uwanja alizama kidogo, kidogo tu, na mimi mchanga huo nimeukanyaga tangu nilipojua kusimama. Nilipita kando yake na kifua changu kikawa cha kwanza kuvuka mstari.

Watu wa hema walikuwa wanachanjwa. Mwalimu alikuwa amegeukia upande mwingine kabisa, anaangalia mlima.

"Mwalimu," mmoja wetu akauliza, "nani?"

"Nani nini? Mashindano yamefutwa. Mimi sikuona kitu." Lakini masikio yake yalikuwa yanasogea.

Wageni walikuwa wamesimama upande wao, sisi upande wetu, na hakuna jaji. Yule kijana alikuwa ameinama, mikono magotini, jasho linadondoka mchangani. Wote walimwangalia yeye. Wenzake wangekubali lolote ambalo angesema, na wangeliimba njia yote mpaka mlimani. Alichukua muda kupata pumzi. Mimi nilingoja, na sijawahi kungoja kitu namna ile.

Akanyooka. "Huyu hapa," akasema, akininyooshea kidole. "Amenishinda. Kule barabarani amenishinda, na hapa amenishinda tena."

Wetu walinijia wote kwa pamoja, wakitaka kuniinua juu. Bwana afya akatoka kwenye hema na sindano mkononi, kofia imeenda upande. "Tawanyikeni! Nani amewaambia mkusanyike? Urefu wa fimbo! Urefu wa fimbo!"

Basi kila mtu alirudi nyuma akapata mahali pake, mbali na mwenzake, uwanja mzima umejaa vijana waliosimama peke yao kama vigingi, na hapo hapo, kila mmoja alipokuwa, wakaanza kuruka. Waliruka na kupiga kelele, wetu kwanza, kisha yule mrefu mwenye pengo, kisha wageni wote, hata lile jitu la tufe likishika bega lake lililochanjwa. Wazee wa mtoni waliokuwa kwenye mstari wa sindano waligeuka kutazama. Mimi nilikuwa katikati. Nikaruka. Nikapiga kelele, kubwa, na sikujali nani ananitazama.